Nje ya Geti la Ubalozi

Dada yangu Nusifa alinipigia simu saa nne asubuhi kutoka ugenini, amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ubalozi wetu. Kivuli chenyewe, alisema, kinamfika magotini tu. Alikuwa ametoroka kwa mwajiri wake na kandambili za bafuni. Bendera ya Uganda inapepea juu ya kichwa chake, na mlinzi anamwambia asogee, anaziba njia ya magari.

"Wanasema mimi si wao, kaka Shakul. Pasi inasema Mkenya. Wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa nilikozaliwa, ieleze pasi hii nimeipataje. Isipofika kabla ya saa tisa wanaita polisi. Polisi watanirudisha kwa yule mzee."

Nilitoka sokoni Jinja bila chai. Njia nzima mpaka Mbale nilitukana kimoyomoyo. Wakubwa wa nchi wakija kuomba kura wanatujua hadi majina ya mababu. Mtoto wao akiwafikia mlangoni ugenini, eti wewe nani.

Ni kweli, pasi haikuwa yake. Nusifa ana miaka kumi na tisa, na mawakala wa kazi za ndani ugenini hawachukui msichana chini ya ishirini na moja. Pasi ni ya Sheryl, Mkenya anayeuza dagaa soko la Jinja. Mimi humbebea magunia. Yeye na dada yangu ukiwaona utasema tumbo moja.

Mwenyekiti kule Namatala, mtaa wetu wa Mbale, Mzee Mugweri, ni mwanajeshi mstaafu. Zamani alikuwa dereva katika ubalozi huohuo.

"Tulipoufungua hatukuwa hata na mlingoti," alisema, kalamu mkononi, haandiki. "Bendera niliifunga mimi, kwenye bomba la tangi la maji. Mtu akija hana karatasi, balozi anamwambia, hebu tukana. Akitukana Kiganda sawasawa, basi, huyo wetu, mpeni chai."

"Sasa wana mlingoti, Afande. Chai ndiyo imeisha."

"Usinipandishie sauti, kijana. Mimi siko huko."

"Hata walioko huko hawapo."

Akacheka puani, akaanza kuandika. "Nusifa amezaliwa hapa, bibi yake namjua," alisoma huku akiandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Pasi alipewa na nani? Nikiandika jina, polisi watamfuata huyo mtu mpaka kitandani."

Jibu nilikuwa nimelitunga njiani, tangu Iganga: Sheryl alitoa mwenyewe. Ni Mkenya, akibanwa atavuka mpaka wa Busia arudi kwao. Lakini Sheryl hadi leo anaitafuta pasi yake, anadhani panya wameiburuta. Asubuhi hii aliponiona nalia aliacha wateja wake, akamwombea Nusifa kwa Mungu wake, jina kamili, mbele ya soko zima.

Hasira haikuniisha. Iliongeza mtu mmoja tu: mimi.

"Andika Shakul," nilisema. "Aliiba kwenye droo. Mwenye pasi hajui."

Mugweri alinitazama kama anayepima mzigo, akaandika, akagonga muhuri. Nikaipiga picha, nikaituma kwa namba ya mlinzi aliyonipa Nusifa, nikampigia.

"Subiri," Nusifa alinong'ona. "Ofisa wa dirishani ameishika simu ya mlinzi. Anasoma."

Nikasikia magari. Nikasikia mwanamume akilitamka jina langu polepole, na la baba yangu, kwa sauti ile ya kuita washtakiwa. Halafu akamuuliza dada yangu kitu, kwa Kiganda, na Nusifa akaanza kujibu, Kiganda sawasawa.