Pigo la Tatu

Kwa miaka thelathini na minne Ramadhan fundi bati alifunga kazi kwa namna moja. Jua likigusa vichwa vya migunga ng'ambo ya kijito, alikusanya mkasi na vyuma vya kulehemu, akashika nyundo yake ya mti na kugonga fuawe, chuma chake cha kufulia bati, mara tatu. Ko, ko, ko. Jikoni Adija alimimina unga kwenye maji yanayochemka, kisha akagonga mwiko mara moja kwenye ukingo wa sufuria. Maana yake, nimesikia, nawa mikono.

Hawakuwahi kukaa chini wakapanga jambo hilo. Lilianza lenyewe mwaka ule wa kwanza, Adija alipokuwa bado hajasilimu, binti wa Kikurya kutoka Nyanungu akiitwa Mokami, Kiswahili chake hakijatosha kumwita mume, na Ramadhan, aliyetembea toka Pangani na sanduku la vyuma kichwani, hajui Kikurya cha kuuliza chakula. Basi waliulizana na kujibizana kwa chuma. Na unga haukuingia kabla ya pigo la tatu, kwa sababu pigo moja au mawili yangeweza kuwa ya kazi. La tatu ndilo lilikuwa lake yeye.

Watoto hawakupata. Walipata koroboi. Mugumu yote ya zamani, ile mitaa ya kando ya kijito, iliwaka usiku kwa koroboi za Ramadhan, na kila moja aliijaza maji kwanza aone kama inavuja kabla ya kumpa mtu. Hata paa la nyumba yao alilitengeneza mwenyewe, madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa kama magamba ya samaki.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Watu wahamie kijiji kipya juu ya barabara, nyumba zikae mstari, shule na kisima viwe karibu. Mkutano uliitwa, na Ramadhan akasimama kabla ya wengine akaandikisha jina lake. Fundi anataka kukaa barabarani, wanakopita watu. Alirudi nyumbani akiwa amefurahi, akamweleza mkewe kama mtu anayeleta nyama.

Usiku ule Adija alizima koroboi mapema. Asubuhi, wakati Ramadhan anavaa kandambili, alimwuliza kama nyumba hii ilijengwa na mtu mmoja. Nani alikanyaga udongo wa kuta hizi? Nani alichota maji? Mume akacheka, akasema kuta haziulizwi kama zinataka kuhama, na mke wa fundi vilevile. Alikuwa anatania. Siku nyingine wangecheka wote. Siku hiyo Adija alisema, "Basi hama peke yako."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao.

Jioni jua liligusa migunga. Maji yalikuwa yanachemka. Adija akasikia ko, akasikia ko. Akashika kibakuli cha unga, akangoja. La tatu halikuja. Akajisemea, ananinunia, na mimi nitamnunia. Akaketi na kibakuli mapajani huku maji yanapungua, mpaka yakabaki kina cha vidole viwili ndani ya sufuria. Alipotoka kwenda kumwambia kwamba ugali leo hakuna, alimkuta amelalia fuawe, nyundo bado mkononi. Mkono ulikuwa na joto.

Walimzika kesho yake. Arafa, mke wa mwalimu wa msikiti, akamkalisha Adija eda, miezi minne na siku kumi, asitoke nje ya nyumba bila dharura. Jioni ile ile, waombolezaji wakiwa bado uani, jua likagusa migunga.

Ko. Ko.

Adija aliwatazama wanawake mmoja mmoja. Walikuwa wanachambua mchele.

Ikawa hivyo kila siku. Mawili, kisha kimya, na kimya hicho ndicho kilichomkondesha. Mara moja alijaribu kugonga mwiko baada ya pigo la pili. Kimya kikawa kizito kuliko siku zote, kama mtu aliyekatizwa maneno, akaogopa kurudia. Akazoea kuketi na kibakuli mapajani, maji yakichemka mpaka yakauke. Majirani walisikia harufu ya sufuria kuungua. Arafa alimkanya kwa upole kwamba maiti hapikiwi, kinachomfaa sasa ni dua. Adija akasema anajua, na dua anamwombea pia.

Mwezi wa nne wa eda akaja Stanslaus, balozi wa nyumba kumi. Alikuwa Mkristo wa kule Nata, mtu mzima mwenye aibu ya kweli, na koroboi ya kwanza ya ndoa yake aliuziwa na Ramadhan kwa kuku mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha."

Alizungusha maneno, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amemwombea kwa wakubwa aachwe mpaka eda iishe, ila lori la operesheni limepangiwa Jumatano, na baada ya hapo haliji tena. Siku hiyo eda itakuwa imebakiza siku nane. Mwalimu wa msikiti ameulizwa, amesema hiyo ni dharura. Kiwanja kipo, kile kile alichoandikisha marehemu, barabarani kabisa.

Adija akamwambia sababu yake, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Akamweleza juu ya mapigo. Stanslaus akatazama juu, kisha akatabasamu kama mtu anayetaka kumsaidia mgonjwa. Akasema hayo ni madebe, bibi. Mchana yanapata moto, jioni yanapoa, yanajikunja na kulia. Hata kwangu yanalia.

"Madebe yapo mia mbili na kitu juu hapo," alisema Adija. "Mbona yanapoa mawili tu?"

Stanslaus akainuka. Akaaga.

Jumatano vijana walipanda juu wakang'oa paa kipande kwa kipande. Walimpandisha Adija mbele kwa dereva, akiwa amejifunika, na nyundo ya mti aliipakata ndani ya kanga. Fuawe ilibaki. Ramadhan aliichimbia kwenye kisiki mwaka wa kwanza. Watu wanne walijaribu kuing'oa wakashindwa, dereva akapiga honi, wakaiacha.

Katika nyumba mpya madebe yalipigiliwa upya juu ya kuta mbichi. Jioni Adija aliketi na kibakuli. Madebe yalilia ovyo, manne, saba, moja, kama mvua inayotaka kuanza. Ramadhan hakuwemo. Siku ya pili hakuwemo. Siku ya tatu ndipo Adija akaelewa jambo ambalo tangu msiba alikuwa analizunguka. Mwenzake hakumfuata, kwa sababu hakuitwa. Aliambiwa ahame peke yake, naye amesimama pale pale, mkono juu, anamaliza mawili na hathubutu la tatu. Sasa hata mwenye nyumba ameondoka. Atagonga mpaka lini kwenye magofu, hakuna hata wa kumnyamazia?

Siku ya nne, jua likiwa bado juu, Adija alifunga sufuria, unga, mwiko, sahani na nyundo kwenye kanga, akatoka. Eda ilikuwa imebakiza siku tano. Arafa alimwona kwa mbali anashuka njia ya kijito, akamtuma mtu kwa Stanslaus.

Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, na mbuzi wa mtu walikuwa wamelala chumbani. Adija hakuwafukuza. Alipanga mafiga karibu na fuawe, akawasha moto, akateka maji kijitoni kama alivyoteka ya kukanyagia udongo alipokuwa msichana. Maji yakachemka. Akakaa chini, kisiki mbele yake, na chuma kile cheusi kilichong'aa katikati kilikuwa wazi machoni pake. Hakuna bati juu. Hakuna mtu.

Jua likagusa migunga.

Ko. Ko.

Mbuzi waliinua vichwa.

Adija akasema, sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, "Mume wangu, nilisema vibaya. Tunahama wote." Akainua nyundo kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa amekonda na nyundo ilikuwa nzito, akagonga la tatu.

Akamimina unga. Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

Stanslaus alikuwa kwenye kivuko cha mawe aliposikia. Alihesabu matatu, kisha lile dogo la mwiko. Alisimama na mguu mmoja majini, na baadaye alishindwa kueleza alisimama muda gani. Akasikia watu wanazungumza polepole, kama wanavyozungumza watu wakiwa wanakula, na sauti mojawapo ilikuwa inamwita mwenzake Mokami. Jina hilo hakuwahi kulisikia.

Alipofika, giza lilikuwa linaingia. Adija alikuwa ameegemea kisiki, miguu imenyooshwa, amejifunika kanga vizuri. Alikuwa amekata roho. Mbele yake palikuwa na ugali sahani moja, umemegwa upande wake na umemegwa upande wa pili, na katikati umebaki ukuta mwembamba usio na mwenyewe.

Stanslaus aliumwaga ugali ule kijitoni kabla ya kwenda kuita watu, na hakuwaambia. Walimzika Adija pembeni ya mumewe. Nyumba ya barabarani ikapewa mtu mwingine, na madebe yake yanalia jioni kama madebe yote.

Lakini mke wa Stanslaus alishangaa mwaka mzima. Kila jua likizama, paa lao likianza kupoa, mume wake aliacha lolote alilokuwa anafanya, akaja jikoni haraka, akakaa karibu yake. Akimwuliza ana shida gani, anasema hana. Likilia debe la kwanza, yuko hapo. Likilia la pili, amekwisha kumshika mkono.