Mkono Uliosahau Njia ya Mdomoni

Zenebech ndiye aliyempandisha mumewe juu ya paa, na mtaa mzima ulijua, maana alimpandisha kwa kelele. Bati lilikuwa linavuja, wageni wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli wako njiani, na Admasu alikuwa amesema, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba ngazi imeoza, heri angojee kesho aazime nyingine.

"Kesho, kesho!" Zenebech akampandishia sauti uani, ufagio mkononi. "Mwanamume gani anaogopa ngazi? Au nipande mimi, wewe ukae hapa upike?"

Majirani wakacheka. Admasu akapanda. Ngazi haikumfanya kitu alipokuwa akipanda. Ilimtupa wakati wa kushuka, kazi imekwisha, na kiwiko cha mkono wa kulia ndicho kilichotangulia kufika chini.

Mkono wa kulia, jamani! Admasu ni mfumaji, kama baba yake na babu yake, kama karibu kila mwanamume wa mtaa ule ulio chini ya mlima Entoto. Mkono ule ndio unaorusha uzi kutoka upande huu wa kitambaa mpaka ule. Hospitali wakampasua, wakaiunga mifupa kwa vyuma na skrubu, wakamrudisha nyumbani na onyo: aanze mazoezi mapema, kiwiko hakichelewi kukakamaa.

Sasa, kwa watu wale, ukimpenda mtu huna haja ya kumwambia. Unamega injera, ule mkate wao mpana na mwembamba kama chapati, unaikunjia mchuzi ndani, unamtia mdomoni kwa mkono wako mwenyewe. Wanaiita gursha. Kuikataa ni tusi, na kutoa moja tu ni uchoyo. Zenebech hakujua kuomba radhi. Tangu utoto wake kinywa chake kilizoea kuagiza. Basi akalisha. Asubuhi analisha, jioni analisha. Admasu akijaribu kuinua mkono, uso ukimkunjamana kwa maumivu, mkewe keshamuwahi: "Acha, acha, mimi nipo." Kila tonge lilikuwa linasema nisamehe, na likimezwa, Zenebech anapata nafuu kidogo. Halafu hatia inarudi, naye anamega jingine.

Askale, dada yake Admasu, mwanamke wa sauti nene na moyo mweupe, akija naye anaongeza la kwake. Majirani hali kadhalika. Mtu akaanza kunenepa katikati ya Kwaresima, kwa mchuzi wa dengu usio na hata tone la siagi! Wote walifurahi kumwona anang'aa mashavu. Mkono wenyewe ulikaa tu pajani, umekunjika nusu, hauendi mbele wala haurudi nyuma, na hakuna aliyeuuliza habari.

Aliyeuuliza ni Meaza, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwembamba, hana haraka wala hana haya.

"Mazoezi mnafanya?" akauliza walipokwenda kuangaliwa.

"Tunafanya," Zenebech akajibu upesi.

"Chakula anakula mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

Admasu akatazama dirishani. Hakuwa mtu wa kumuumbua mkewe mbele za watu.

Meaza hakubisha. Alifungua bakuli lake la chakula cha mchana, akamega injera, akachovya, akaielekeza kwa Admasu. Admasu alijua fika kwamba anapimwa. Lakini mdomo wake ulifunguka wenyewe kama wa kinda la ndege, na mkono wake haukutikisika hata kidole.

"Ahaa," Meaza akasema, na tonge lile akalila yeye. "Mama, nikubembeleze au nikwambie kweli?"

"Niambie," Zenebech akasema, ingawa alitamani sana kubembelezwa.

"Kovu la ndani linakomaa, na likikomaa hivi hivi hatafuma tena. Wala hatajilisha mpaka anaingia kaburini. Muda upo, ila ni mdogo. Pasaka ikifika na mkono huu haujafika mdomoni, mimi nitakuwa sina la kufanya."

"Basi nitaukunja mimi! Nina nguvu mimi, nitau—"

"Thubutu! Ukiulazimisha utauharibu zaidi. Na msimpeleke kwa wale wakanda mifupa wakamvute. Mkono utakunjwa na mwenyewe, kwa nguvu zake. Wewe kazi yako moja tu: usimlishe."

"Na akishindwa?"

"Atalala njaa. Kesho yake atajaribu tena."

Zenebech alitoka pale na mumewe. Nilimvunja kwa mdomo, alijiambia, kisha nikamlemaza kwa mkono. Na lile la pili lilimchoma kuliko la kwanza, kwa sababu la pili alilifanya kwa raha.

Usiku huo alitandaza injera mbele ya mumewe, akaenda kukaa mbali, mikono ameikalia. Mkono wa kushoto haugusi chakula, hilo halina mjadala. Admasu akamega kwa wa kulia, akainua, tonge likaishia kifuani. Akainamisha kichwa kulifuata.

"Shingo isiende," Zenebech akasema. "Mkono ndio uje. Ndivyo alivyosema."

Akajaribu tena. Shati likajaa mchuzi. Mwishowe yule mtu mpole, ambaye hakuwahi kumwambia mkewe neno zito tangu waoane, akaisukuma sinia.

"Ulinitupa chini. Sasa unaninyima chakula. Umebakiza nini, Zenebech?"

Zenebech alikwenda jikoni, akauziba uso kwa kitambaa cha kichwani, akalia kilio cha kujibana. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo wasemavyo, lakini hakuna anayekwambia kwamba hata usipomchelea utalia tu.

Admasu akaanza kukonda. Jioni nyingine tonge lilifika kidevuni, nyingine lisifike kokote. Askale alikuja juu. "Unamuua kaka yangu mchana kweupe! Alikuoa umpikie, si umfungishe mfungo juu ya mfungo!" Zenebech akitoka kwenda sokoni, Askale anaingia na kibakuli chake. Zenebech akirudi ananusa mchuzi wa jiko jingine kwenye ndevu za mumewe. Aliona kwamba mtu wa namna yake hana uso wa kumkaripia mtu.

Pasaka ikafika. Walirudi kutoka kanisani, wakaufungua mfungo kwa mchuzi wa kuku, mwekundu, mayai yanaogelea. Nyumba imejaa ndugu. Askale akamega gursha kubwa ya kutosha watu wawili, akaitia kipande cha yai juu, akainyanyua.

"Kristo amefufuka! Haya kaka, leo hakuna wa kukunyima."

Mdomo wa Admasu ukafunguka. Na Zenebech akaupiga mkono wa wifi yake, pa! Gursha ikaanguka mkekani.

Watu wakashika vinywa. Kuangusha gursha, tena siku ya Pasaka!

"Una wazimu?" Askale akapaza sauti. "Umeilaani nyumba hii!"

"Nitukane," Zenebech akasema. "Nitukaneni wote. Nilimpandisha mimi. Nikamlisha mimi mpaka mkono ukafa, na sikumlisha kwa ajili yake, nilimlisha ili mimi nipate usingizi. Nitukaneni mpaka kesho. Lakini leo hapa hakuna atakayemlisha."

Admasu aliitazama ile gursha mkekani, kisha akamtazama mkewe. Akamega injera kwa mkono wa kulia.

Mkono ukapanda, ukagoma palepale unapogomea siku zote. Jasho likamtoka kipajini. Shingo ikaanza kuinama.

"Shingo, Admasu," mkewe akasema kwa sauti ndogo.

Akainyanyua shingo. Akafumba macho, akauvuta mkono kwa mguno uliowafanya watoto wanyamaze. Kiwiko kikatetemeka, kikalegea kidogo, kikalegea tena. Tonge likagusa sharubu, likapaka mchuzi mpaka puani, likaingia mdomoni.

Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Askale, hasira zote amezisahau. Wengine wakampokea.

Zenebech hakupiga. Alitoka kimya kimya, akaenda kusimama jikoni mbele ya makaa. Alitaka kufurahi, ikashindikana. Alikuwa akizifikiria siku zote zile alizomwambia acha, mimi nipo, siku ambazo mkono ungefika bila mguno kama ule.

Nyayo zikaingia nyuma yake. Admasu alikuwa amesimama, sharubu nyekundu, mkono wa kulia ameunyoosha kadiri ulivyokubali, tonge linamtetemekea vidoleni na mchuzi unadondoka sakafuni. Alimwelekezea mdomoni.

Zenebech akageuza uso. "Usinipe. Sistahili mimi."

"Nani amekwambia unastahili?" Admasu akasema. "Fungua mdomo, mkono unaniuma."