Leseni Kubwa ya Mama Grâce

Kila pikipiki ya wagonjwa ilipopita mbele ya nyumba, Dieudonnée aliacha alichokishika. Kama ni mwiko, ulibaki chunguni. Kama ni mazungumzo, jirani alibaki akizungumza na ukuta. Alisikiliza mlio ukishuka bondeni, ukipanda ng'ambo kuelekea Kabambare, hadi ukapotea. Ndipo alipokumbuka kwamba jikoni kuna kitu kinaungua.

Watu wa kijiji chao cha Wamaza, ambao hawakosi la kusema, walisema ana wivu. Dereva wa pikipiki ile alikuwa mumewe, Zéphirin, na kwenye kigari cha nyuma, kando ya kichwa cha mgonjwa, sasa alikaa muuguzi kijana aitwaye Hidaya. Wivu ulikuwepo, kwa nini afiche? Ila haukuwa wa mume. Ulikuwa wa kile kibao alichokalia Hidaya.

Miaka mingi kibao kile kilikuwa chake. Zéphirin mbele, yeye nyuma, mgonjwa amelazwa chini ya turubai, na barabara yote mashimo na tope. Kwa kelele za injini hawakuweza kusemezana, na Zéphirin hakuthubutu kugeuza shingo, maana madaraja mengine huko ni magogo mawili na rehema za Mungu. Basi walijitungia lugha yao. Zéphirin aligonga tangi la mafuta kwa kiganja: mgonjwa yuko vipi? Dieudonnée alijibu kwa pete yake ya ndoa kwenye chuma cha kigari. Mara moja: yu hai, twende. Mara mbili: punguza mwendo. Mara tatu: simama.

Nyumbani Zéphirin alikuwa mtu wa kula, kuoga na kulala. Ukimtoa neno umeshukuru. Lakini barabarani aliuliza na kuuliza tena, na mkewe alijibu, na hivyo ndivyo walivyozeeka pamoja bila kuchokana. Wake wengine huambiwa maneno matamu. Yeye aligongewa tangi, na hakutamani kingine.

Kisha ikaja amri: hakuna kumhudumia mgonjwa bila leseni, diploma peke yake haitoshi tena. Ofisi ya wauguzi kule mjini Kasongo ilitaka diploma, picha, cheti cha afya, barua ya kituo cha afya kuthibitisha miaka ya kazi, na juu ya yote hayo, ada. Hidaya, aliyetoka shuleni juzijuzi, alikuja na leseni yake tayari. Dieudonnée akateremshwa kwenye kibao. Hakuna aliyemvunjia heshima. Mkuu wa kituo hata alimwomba radhi. Hata hivyo, siku alipokabidhi mfuko wa dawa alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Leseni zilikuwa aina mbili. Ile ndogo ilikuwa ya wanaowasindikiza wagonjwa barabarani na kuhudumu vituo vya vijijini. Ile kubwa ilikuwa ya hospitali, na ada yake ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Diploma ya Dieudonnée ilimruhusu kuomba yoyote kati ya hizo. Yeye alitaka ndogo, arudi kwenye kibao chake. Pikipiki ilipopata safari ya Kasongo, kigarini mlikuwa na mgonjwa na Hidaya, nafasi hakuna. Ikabidi ampe Zéphirin bahasha ya vyeti pamoja na ada, matunda ya shamba lake la karanga.

"Baba Grâce," alimwambia, kwa jina la binti yao aliyeolewa Kindu, "ulizia ile ya kidogo. Umesikia? Ya kidogo."

"Nimesikia, Mama Grâce."

Kusikia alisikia. Lakini kwao mwanaume hamletei mkewe nusu ya kitenge. Analeta pisi nzima, la sivyo wakwe watamtungia wimbo, na wimbo huo ataukuta msibani na harusini mpaka azeeke. Zéphirin alikuwa na jambo lake moyoni tangu amri ilipotoka, akalinyamazia kama alivyonyamazia yote.

Leseni ilikuwa tayari alipofika Kasongo safari iliyofuata. Alirudi na tope hadi magotini, akitabasamu kama siku aliyooa, akamwekea mkewe kadi mapajani.

"Soma."

Dieudonnée akasoma. Akaisoma tena.

"Baba Grâce, hii ni ile ya kubwa."

"Eee. Mutu anaweza kununulia muke wake ya kidogo?"

"Na makuta, feza yote ile, ulitosha wapi?"

Zéphirin akatazama kitanda. Chini yake, mahali walipokuwa wameweka mabati ya nyumba yao mpya, palikuwa patupu.

"Mabati tutanunua ingine," alisema.

Dieudonnée alitamani kumkumbatia na kumchapa, vyote kwa mkono uleule. Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Mwenye kadi hii hapandi pikipiki ya wagonjwa tena. Anapelekwa hospitali, Kasongo. Kuibadilisha haiwezekani mpaka muda wake uishe, nao ni wa miaka. Na akiikataa, hatagusa mgonjwa popote.

"Karani hakuniambia ile," Zéphirin alisema.

"Ulimuuliza?"

Hakumuuliza. Akaanza kujibandua tope magotini, tabasamu limemwisha.

"Nilitaka watu bakuone," alisema mwishowe. "Miaka yote uko paka nyuma yangu tu. Mutu hakuoni."

"Nilikuwa nataka paka pale nyuma tu," Dieudonnée akajibu. Akalia, na mumewe akamwacha alie, kwa kuwa hakujua la kufanya.

Alikwenda peke yake, Zéphirin akabaki na pikipiki yake, na Kasongo ikampokea vizuri. Alipangiwa mapokezi, mlangoni pa hospitali, akavaa blauzi nyeupe ya uuguzi, kadi kifuani. Watu walimwona kweli. Walimsalimia sokoni, walimpisha njiani. Chumba alichopanga kilikuwa na bati zuri lisilovuja, na kila mvua ilipolipiga alikumbuka mabati yake na kuona uchungu upya. Pikipiki za Kasongo hazina idadi, na kila moja ilimgeuza shingo, hata ikawa inamuuma. Akiwa kazini aligonga pete kwenye chuma cha kitanda bila kujijua, wagonjwa wakadhani anawahimiza waamke. Alimkumbuka Zéphirin hata katika kufunga kidonda. Aliukumbuka mgongo wake, kwa sababu miaka yote hiyo ndio aliokuwa akiutazama.

Mchana mmoja mlio aliokuwa akiungoja ukaingia langoni. Zéphirin mbele, amekonda. Nyuma Hidaya na mama mjamzito anayevuja damu. Dieudonnée hakuwa na wasaa wa kumtazama mtu. Alipokea, akakimbiza machela, akaita daktari, akashika mkono wa yule mama mpaka mlango wa upasuaji ulipofungwa.

Alipotoka, Zéphirin alikuwa ameshawasha injini.

"Kuko mutoto Wamaza, malaria ya kichwa," Hidaya alieleza, akipanda kibaoni. "Wametupigia simu. Inatupasa kufika mbele ya mvula kunyesha."

Zéphirin alimwangalia mkewe. Akageukia barabara. Kisha kiganja chake kikashuka kwenye tangi, kikagonga.

Hidaya, asiyeijua lugha ile, aliendelea kufunga mfuko wa dawa. Dieudonnée alisogea hadi kwenye kigari, akainua mkono wenye pete. Mara tatu, na angesimama. Alijua hilo kama anavyojua jina lake. Angezima injini, angeshuka, angekaa naye hapo kizingitini hata kama hana la kusema, na mtoto wa watu angekuwa Wamaza akingoja.

Akagonga mara moja.

Mgongo wa Zéphirin ukanyooka. Pikipiki ikatoka langoni, ikakata kona ya soko, na Dieudonnée akabaki ameinua mkono, akiusikiliza mlio mpaka ukapotea.