Abiria wa Lazar Brodkin

Saa mbili asubuhi, Jumapili ya pili ya Mei, Simba wa Chuma, klabu ya Wayahudi waendesha pikipiki, walikuwa nyuma ya duka la begeli, ile mikate ya mviringo yenye tundu, mashariki ya Cleveland, wakila begeli na samaki wa moshi. Walikula wamesimama, kwa sababu suruali ya ngozi uliyoinunua ukiwa na miaka arobaini haikubali ukae ukiwa na sitini na tano. Bunim Sacks, daktari wa macho mstaafu na mwenyekiti wa klabu, alikuwa akiwahesabu. Aliwahesabu kama mama yake alivyowahesabu wanawe, kwa kukana, ili kijicho kisijue idadi.

"Si mmoja. Si wawili. Si watatu. Wee Feivel, tulia bwana, usinifanye nianze upya. Si wanne."

Alipofika si ishirini na watatu aliridhika, akaenda kujimiminia kahawa.

Lakini abiria wao hakuwahesabu. Walikuwa wameshaanza kufika mmoja mmoja, wakitokea upande wa mapipa ya taka, na kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya mtu wake na kupanda kiti cha nyuma. Hawa walikuwa wafu wa Maangamizi, wale Wayahudi waliouawa na Wanazi kule Ulaya, pamoja na wachache walionusurika wakaja kufia vitandani mwao Amerika. Walikuwa wakija kila mwaka tangu safari ya tatu ya klabu. Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili yao: kila Mei klabu iliendesha hadi mji fulani mdogo, ikachangisha fedha njiani, na mwanachama mmoja akasimama katika ukumbi wa shule kuwaeleza watoto ambao hawajawahi kumwona Myahudi ni kitu gani kilitendeka. Bunim alikataa kata kata kuwahesabu wafu. Alisema walishahesabiwa vya kutosha na wale waliowaua.

"Ongezeni upepo tairi la nyuma, jamani," alipaza sauti. "Kila mwaka nasema. Msijitie kuwa wenu ni wepesi."

Aliyekufa kwa njaa alikuja na uzito wake wa kabla ya vita, na shangazi yake Feivel alikuwa ameuza siagi maisha yake yote.

Tsipora Tabak hakuongeza upepo. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kitupu, kama mwaka jana na miaka mingine minne kabla yake. Tsipora alikuwa mkaguzi wa lifti, na kwa miaka thelathini mshahara wake ulitokana na kutoamini kamba. Alikuwa na kanuni moja: lifti inayokwama ghorofa ileile kila mara haikwami, inakwamishwa. Baba yake, Anshel Tabak, aliyepiga pasi katika duka la dobi na kunusurika peke yake katika ukoo mzima, alikuwa amekufa miaka sita sasa. Alipokuwa hai alipenda kupandishwa nyuma ya pikipiki ya binti yake, akimkumbatia kiuno mpaka binti anapumua kwa shida. Sasa wafu wa kila mtu walikuja, wake hakuja.

Watu waliliona hilo na walikuwa na maneno yao. Mke wa Feivel alisema huenda mzee alikufa na kinyongo. Mwingine alisema hakuna moshi bila moto, mtoto hakosi alilolifanya. Tsipora alikuwa akisikia, na lililomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujishuku.

Kazi yake katika msafara ilikuwa mkia. Mkia huendesha nyuma ya wote, na sheria yake ni moja: anayesimama, mkia unasimama naye. Msafara ukifika shuleni, mkia hubaki nje kulinda pikipiki, tangu mwaka ule mtu alipochora msalaba wa Wanazi kwa msumari kwenye tangi la pikipiki ya Bunim. Kwa sababu hiyo Tsipora hakuwahi kuingia ukumbini wala kumsikia Lazar Brodkin akizungumza. Alisikia tu kwamba walimu hulia.

Lazar alikuwa na miaka sabini, muuza fanicha, mtu wa sauti nzuri, na sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye mabango ya safari, chini yake pameandikwa "Mwana wa Mnusurika". Yeye huendesha mbele kabisa. Abiria wake huja amejifunika koti la mvua na kofia iliyoshushwa hadi puani, hata jua likiwaka.

"Baba yangu hapendi upepo," Lazar huwaambia watu.

Siku hiyo, maili arobaini baada ya kuondoka, mbele ya duka la matrekta, pikipiki ya Lazar ilianza kuyumba. Aliwapungia wengine wampite, akasimama pembeni. Tsipora alifika wa mwisho, akasimama naye kama sheria inavyotaka, akatoa pampu.

"Nenda tu, Tsipi," Lazar alisema. "Nitajitegemea."

"Mkia haumwachi mtu. Umeweka upepo kiasi gani?"

"Kama kawaida. Mzee wangu ni mwepesi."

Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Tsipora alipiga magoti na kufunga mdomo wa pampu, na hapo macho yake yakawa sawa na miguu ya abiria. Viatu vilikuwa vya kahawia, havina kamba, vimekatwa pembeni na kutiwa mpira wa kuvutika. Kisigino cha kushoto kililika upande wa nje. Vilinuka dawa ya dobi.

Alipiga pampu mara ishirini kabla ya kuinua uso. Chini ya ile kofia alikuwa baba yake. Alikuwa ameshika kiuno cha Lazar kwa mikono miwili, na alimtazama binti yake kama mtu aliyekutwa kwenye foleni isiyo yake.

Wafu hawasemi siku ya safari. Tsipora alirudi kwenye pampu. Alipima upepo, akaona unatosha, akafunika kifuniko cha valvu.

"Twende," alimwambia Lazar. "Tumechelewa."

Shuleni watoto na wazazi wao walikuwa wamejaa ukumbini ingawa ilikuwa Jumapili. Waendeshaji waliingia, na abiria wakabaki uani juu ya viti vyao, wakiangalia goli la mpira. Tsipora alimtazama baba yake, akatazama barabara. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, aliliacha lindo lake, akaenda kusimama nyuma ya ukumbi karibu na mlango.

"Baba yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja," Lazar alikuwa akisema. "Mama yake alikuwa amepiga magoti jikoni, anamfunga kamba za kiatu. Wanazi wakasikika kwenye ngazi. Yule mama hakuinuka. Alimaliza fundo lake kwanza. Halafu akamwambia, sasa kimbia, na usigeuke. Mtoto akaruka nje kupitia dirishani." Lazar alitoa leso. "Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini, baba yangu hakuvaa kiatu cha kamba."

Alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya msichana wa safu ya kwanza, akamfunga kamba ya kiatu, fundo la kipepeo. Ukumbi mzima ulilia. Mwalimu mkuu alipenga kamasi.

Tsipora hakulia. Alikuwa anakumbuka jozi ya viatu vya kamba, ngozi halisi, alivyomnunulia baba yake alipotimiza miaka sabini. Mzee alipanda basi peke yake kuvirudisha dukani. Tsipora alimpigia kelele siku ile, akamwita mshamba, akamuuliza ni lini ataanza kuvaa kama watu. Mzee alisema tu kwamba vinambana. Sasa jibu lake alikuwa amelisikia pamoja na watu mia tatu asiowajua, kwa mdomo wa muuza vitanda. Aliona aibu kwanza, kisha hasira ikaja ikakaa juu ya aibu.

Aliwapata Lazar na Bunim kwenye ujia, kando ya makabati ya wanafunzi. Feivel alikuwepo pia, anakula.

"Lazar, baba yako alizaliwa wapi?"

"Tsipi, roho yangu, si hapa."

"Hapa hapa. Juu ya duka lenu pale Cleveland pameandikwa Brodkin na Wanawe, tangu 1921. Mama yangu alinunua kitanda pale. Hebu nieleze, Wanazi walimfukuza mzee wako kutoka ghorofa gani? Ya magodoro?"

Lazar aliitazama leso yake.

"Nilikuwa nampeleka baba yako hospitali kusafishwa damu," alisema. "Kila Jumanne, wewe uko kazini. Mwaka na nusu. Alinisimulia hadithi hiyo garini. Aliniambia, Tsipora asijue, ataibeba."

"Alikuambia uibebe wewe?"

"Mara ya kwanza nilisema, mtu mmoja ninayemfahamu. Watoto walikuwa wanachezea simu. Shule iliyofuata ikanitoka, baba yangu. Wakanyamaza, Tsipi. Ukumbi mzima kimya. Ungefanyaje?"

"Ningesema jina lake. Rudi ndani ukaseme. Anshel Tabak. Maneno mawili, hata koo halitakukauka."

Bunim alivua miwani na kuifuta kwa shati.

"Sikiliza, mama. Tukisimama leo tukasema Lazar alidanganya, wale wanaosema hayakutokea watafanya sherehe. Watasema, mnaona? Yote ni hivyo hivyo. Kila neno alilolisema ni la kweli. Ni baba tu aliyebadilika."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mimi ni daktari wa macho," Bunim alisema.

Tsipora alimgeukia Feivel. Feivel aliikagua begeli yake kwa makini, kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Hapo akaelewa kwamba wote walijua, hata wale waliosema mzee alikufa na kinyongo. Kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa wamevaa fulana moja yenye simba mgongoni.

"Na kwa nini baba anakaa kwa Lazar?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo. "Mimi ndiye binti yake."

"Wafu hukaa pale wanaposimuliwa," Bunim alisema. "Si sheria yangu. Nimeiona tu miaka hii yote."

Tsipora alitoka uani, akaegemea pikipiki yake. Buti lake la kushoto lilikuwa limefunguka kamba tangu alipopiga magoti kwenye duka la matrekta, na hakuwa na nguvu ya kuinama.

Anshel Tabak alishuka kwenye pikipiki ya Lazar. Alishuka polepole, akishikilia kiti kama alivyokuwa akiishikilia meza ya pasi mwisho wa siku. Alivuka ua mpaka kwa binti yake, akapiga magoti, na magoti yakalia kama yalivyolia siku zote. Maishani mwake hakuwahi kumfunga Tsipora kiatu hata mara moja, hata alipokuwa mtoto; hiyo ilikuwa kazi ya mama. Sasa alishika kamba bila kusita. Alifunga fundo la kipepeo, akapitisha fundo la pili juu yake, akavuta mara mbili, kisha akazichomeka ncha zote ndani ya buti, zisije zikamkwaza mtu anayekimbia.

Fundo la pili Lazar hakuwa nalo. Wala zile ncha. Mzee hakumsimulia hayo garini.

Tsipora aliweka mkono juu ya kofia ya baba yake.

"Baba, kaa hapa," alisema, akapigapiga kiti chake. "Nitasimulia mimi. Nakuapia."

Mzee aliinuka. Alikipangusa kile kiti kitupu kwa kiganja, kama anayeondoa nyuzi kwenye suti ya mteja, kisha akarudi akapanda nyuma ya pikipiki ya Lazar na kushusha kofia. Wengine walikuwa wanatoka. Bunim alisimama kwenye ngazi, akawahesabu tena. Hakuna aliyepungua.

Katika kikao cha Septemba Tsipora aliomba kuzungumza shuleni mwaka unaofuata. Wanachama walimsikiliza kwa heshima, wakampigia makofi, na wakapiga kura kwamba mabango yalikuwa yameshachapishwa. Kweli yalikuwa yameshachapishwa. Kila mmoja alimkumbatia wakati wa kutoka, na alikumbatiwa huku anawatazama mabegani, kama anavyotazama kamba za lifti.

Nyumbani husimulia habari za baba yake kwa sauti, jikoni, fundo la pili na ncha zote. Jikoni mwake kuna kiti kimoja ambacho siku nyingine hukutwa kimevutwa, kama mtu amekikalia. Lakini Mei ikifika ukumbi ni wa Lazar, na mzee huenda ukumbini.

Ile kamba hajaifungua mpaka leo. Buti la kushoto hulivaa kwa kulisukuma, na hulivua kwa kulikanyaga kisigino. Amerudi kwenye mkia wake na kiti kitupu, na haingii ukumbini. Ila kila Mei, Bunim anapowakana watu mmoja mmoja na wengine wanamaliza samaki wao, Tsipora hupeleka pampu mpaka kwenye pikipiki ya Lazar, akapiga magoti, akajaza tairi la nyuma. Anaujua uzito wa baba yake, paundi mia moja na sitini pamoja na viatu vyake, na kazi hiyo hamwachii mtu mwingine.