Hamu ya Elisée Iko Mbarara

Jumatatu asubuhi, pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, Eugénie akiwa anasonga bukari, hamu ya kula ya mwanawe ilishuka kwenye mkeka ikatoka nje. Ilikuwa na kimo kilekile cha Elisée, miaka miwili na nusu, na kitovu kilekile kikubwa. Eugénie alidhani inaenda kukojoa. Haikurudi.

Toka siku hiyo Elisée alifunga mdomo. Bukari hataki, chai hataki. Alilamba udongo wa ukuta tu. Alhamisi nesi wa kituo cha afya alimvuta ngozi chini ya jicho, akaona weupe mtupu.

"Huyu damu yake kidogo sana. Anakula?"

"Hapana. Hamu yake ilitoka Jumatatu."

Nesi akaandika: imetoka Jumatatu. Chini yake akaandika maini, maharage, mboga za lengalenga. Dawa ya kuongeza damu ilikuwa imeisha, labda mwezi ujao. Nyumbani kulikuwa na unga na chumvi. Kwenye orodha ya mgao wa chakula walikuwa wamefutwa, maana waliandikwa kuwa watu wenye nguvu.

Habari ililetwa na Apollinarie, muuza vitenge, hata mzigo hajautua kichwani.

"Mama Elisée! Ile hamu ya mutoto wako nimeiona Mbarara, kwa hoteli nyuma ya soko. Imenenepa, weye! Hata salamu haikunipa!"

Jumamosi Eugénie akamfunga Elisée mgongoni, akaenda. Kweli ilikuwepo, imeinamia sahani ya maini na matoke. Ilikula mvuke tu. Sahani ilibaki imejaa, na kila mteja aliyekaa karibu nayo aliagiza mara mbili.

"Wacha ikae, nyabo," mpishi alisema. "Tangu ikuje, sufuria yangu hailali na kitu."

Eugénie akapiga magoti, akaiita kama anavyomwita mwanawe. "Papa, twende kwetu."

"Mama, leo munapika nini?" hamu iliuliza.

Angeweza kudanganya. Mgongoni Elisée alikuwa mwepesi kama kitenge cha kuanua. Lakini ingefika, ingefunua sufuria, na safari hii ingekwenda mbali kuliko Mbarara.

"Bukari."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na kesho?"

"Ile ile."

Hamu ikafikiri. Ikapanda mgongoni, ikakaa na Elisée kidogo. Mpishi akatoa kipande kimoja cha ini; mtoto akakila chote, akalamba vidole, akacheka. Kisha wateja wa saa saba wakaingia, nayo ikashuka, ikarudi mezani.

"Niko hapa, Mama. Mukipata kitu, muniite."

Jumapili, kabla ya misa, jirani yake Prudence alikuja akasimama nje.

"Mama Elisée, kule kwa hoteli kungali fasi? Hamu ya Sonia wangu inasimama kwa mulango tangu jana."

Eugénie alimgeuza Elisée, mdomo utoke ukutani.

"Fasi iko mingi," alisema. "Ile meza ni kubwa."