Mkono wa Kushoto wa Shati

Mke wa Fundi alikuwa amechoka, na kuchoka kwenyewe kulikuwa kule kwa kutaka kumkaba mtu. Miezi mitatu tangu kiharusi kimpige mumewe, mguu ulikuwa umerudi, ulimi umerudi na ukali wake wote, lakini upande wa kushoto haukurudi. Macho ni mazima, daktari alisema. Ubongo ndio umeacha kuangalia huko. Fundi alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha akalalamika kwamba anashindishwa njaa nyumbani kwake mwenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mpole anayewafundisha wagonjwa kuzirudia kazi zao, alimpa jaribio: ashone shati zima kwa sindano ya mkono. Likitoka sawa, atamwandikia ruhusa ya kurudi kwenye cherehani ya umeme. Fundi akacheka. Shati? Yeye aliyewashonea mahakimu?

Basi akashona kila asubuhi, shati limelala kifudifudi mapajani kama alivyozoea. Siku alipoliinua likiwa na mkono mmoja tu na kusema, "Limekwisha, mama, hebu tazama," mkewe alikosa moyo wa kumwambia. Alingoja ajipumzishe, akaushona mkono wa kushoto mwenyewe. Alijua anakosea, na akaumalizia hivyo hivyo.

Sasa walikuwa mbele ya mtaalamu, naye alikuwa amekwisha kulisifu shati na kushika kalamu. Mke akavitazama vidole vya mkono wa kushoto wa mumewe, vimesahauliwa ukingoni mwa meza. Akaviona akilini chini ya sindano ya cherehani ya umeme.

"Usiandike," alisema. "Mkono wa kushoto nimeshona mimi."

Fundi akamtafuta upande wa kulia, ambako hakuwepo. Alifoka kwamba ameaibishwa mbele ya mtoto wa watu, kwamba kweli kikulacho ki nguoni mwako. Mkewe naye hasira zikampanda.

"Nichukie," akamwambia, "lakini nichukie ukiwa na vidole vyako kumi."

Fundi alidai mkasi. Ataifumua mishono yote ya mwanamke huyu, alisema, na kuushona upya mkono huo papo hapo, na kalamu isiondoke mezani. Mtaalamu akampa mkasi mdogo usio na ncha. Fundi akalilaza shati mapajani, akapapasa mshono wa bega, akaanza kukata nyuzi moja moja, kwa ustadi wake ule ule.

Ulikuwa mkono wa kulia. Mkewe alinyoosha mkono amzuie, mtaalamu akatikisa kichwa taratibu. Mkewe akabaki ameuma meno, akimtazama mumewe anaifumua kazi yake mwenyewe, huku akinung'unika kwamba mwanamke huyu hajawahi kujua kushona.