Kifua cha Tarmo

Mzee Ensio alijenga sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke kando ya ziwa, kwa mikono yake mwenyewe, majira mawili ya kiangazi, gogo juu ya gogo. Siku alipopanga kuiwasha kwa mara ya kwanza, alimpigia simu mkwewe Tarmo kabla hajampigia binti yake.

"Jumamosi, saa tisa mchana," alisema. "Tunaanza mimi, wewe na mwanangu Jarkko. Wanawake watafuata."

Akakata simu. Mzee huyo maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko, na akishasema amesema.

Tarmo alibaki na simu mkononi, jasho likimtoka kabla hata ya sauna yenyewe. Saunani mtu haingii na nguo. Mwaka mzima alikuwa hajavua shati mbele ya mtu. Mara mgongo unauma, mara ana vipele, mara mafua. Krismasi alijitia homa akalala chumbani wenzake wakioga, naye mzima wa afya, anasikiliza vicheko vyao ukutani. Sasa angezua nini tena? Kukataa mvuke wa kwanza wa sauna aliyoijenga mkweo, heri ukatae kumzika.

Tatizo lilikuwa kifua. Tarmo alikuwa ameota matiti. Si mafuta ya unene, la. Matiti kweli, ya kuvimba na kuuma, yanayosimama ndani ya fulana kama ya msichana wa darasa la saba.

Alijitafutia mwenyewe. Alikuwa fundi wa lifti mjini Mikkeli, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye nguvu zake, hadi siku alipojitazama kwenye kioo cha jimu akaona hazitoshi. Mtu mmoja wa pale jimu alimuuzia vichupa vya homoni za kiume, akawa anajidunga pajani kila wiki kwa miaka miwili. Mabega yalikuja. Sifa zikaja, na sifa ni tamu, nani asiyejua? Kisha zile nywele zake za rangi ya ngano, alizorithi kwa mama yake, zikaanza kubaki kwenye mto. Zikanyonyoka kwenye panja, zikanyonyoka utosini. Alinunua matone, alinunua shampuu ya bei mbaya, alijikanda kichwa asubuhi na jioni hadi ngozi ikawaka, na nywele zikaendelea kuondoka kana kwamba zimeitwa mahali.

Akaacha sindano, maana Riina mkewe alitaka mtoto. Hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza. Mwili uliozoea kuletewa homoni kutoka nje ulikuwa umesahau kutengeneza zake. Akawa halali, analia hovyo, kitandani hana haja na mtu. Misuli ikasinyaa, matiti yakabaki. Mtu aliyetaka kuwa dume kuliko madume yote akaambulia hivyo. Ukimwambia ni haki yake, utakuwa hukukosea, lakini yeye alikuwa anapasuka kwa hasira kila alipopita mbele ya kioo.

Ingekuwa ni ugomvi wake na kioo tu, tungecheka yakaisha. Lakini Riina alikuwa anatafuta mtoto mwaka wa pili sasa, na kliniki ilipotaka mume naye apimwe, Tarmo alimwambia mkewe kwamba ameshapimwa na daktari wa kazini, yuko sawa. Riina akaamini, akaandika hivyo kwenye fomu. Ukweli ni kwamba Tarmo alikuwa amekwenda peke yake hadi maabara moja ya mji wa Lahti, mwezi wa tatu, na karatasi ikasema hakuna hata mbegu moja. Daktari alimwambia kwenye simu kwamba huenda zikarudi baada ya mwaka au miwili, huenda zisirudi, na kwamba amwambie mkewe. Ndiyo, ndiyo, alisema Tarmo. Akaichoma ile karatasi.

Sasa Jumanne ijayo Riina alikuwa na miadi ya kusukumiwa dawa kwenye mirija ya uzazi, ionekane imeziba wapi. Alishaambiwa kwamba inauma. Kila usiku alikuwa anasema gizani, "Itakuwa ni mimi tu," na Tarmo, aliyelala na fulana nzito hadi mkewe akadhani anamchukia, anajibu, "Usijali." Usijali! Mwanaume mzima. Mficha uchi hazai, nao walikuwa hawazai.

Jumamosi ikafika. Tarmo aliingia saunani kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni, taulo amelifunga kifuani.

"Shemeji!" Jarkko, kaka yake Riina, alikuwa ameshapanda benchi la juu. "Taulo kifuani? Umekuwa bibi harusi?"

"Nasikia baridi."

"Baridi gani, bwana? Humu nyuzi tisini!"

"Taulo ni la kukalia," alisema Mzee Ensio.

Basi Tarmo akalikalia. Akajibana pembeni, mikono ameikunja kifuani kama mtoto anayenuna. Mzee akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya mawe ya moto ya jiko. Mvuke ukapanda, ukagonga dari, ukawashukia mabegani. Hakuna binadamu anayeweza kuukunjia mikono mvuke kama ule. Tarmo aliinua viganja kujikinga uso, na Jarkko akaona.

"Kha! Shemeji, nini hiyo?" Akainama aone vizuri. "Dada yangu hajazaa bado, wewe unamnyonyesha nani?"

Akacheka peke yake.

"Funga domo lako!" Tarmo alipiga ukelele ambao hata yeye ulimshtua. "Mwaka mzima nabeba haya, wewe unaleta mzaha? Funga!"

"Humu hatupigi kelele," Mzee Ensio alisema. "Humu ni kama kanisani. Jarkko, nenda kaangalie soseji."

"Soseji hata hazijawekwa, baba."

"Basi kaziweke."

Jarkko akatoka. Mzee akakitazama kifua cha Tarmo. Kwa miaka thelathini na miwili kazi yake ilikuwa kuzunguka mazizi ya wilaya nzima na mtungi wa barafu wenye mbegu za madume, akipandisha ng'ombe wa watu. Mambo ya uzazi hakuhitaji kuchorewa picha.

"Vua kofia."

Tarmo akavua.

"Ulikuwa na nywele za mama yako."

"Ndiyo, baba."

"Sindano?"

"Ndiyo. Nimeacha."

"Na mbegu?"

Tarmo alitazama mbao za sakafu. "Hakuna."

"Kidogo, au hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akamwaga kata nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, hadi masikio yakachoma. "Riina anajua?"

"Baba, nilitaka kumwambia, ila..."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

"Hajui."

"Juzi alikuja kuniuliza," mzee alisema, na sauti yake haikuwa imara tena, "kama upande wa mama yake kuna tasa. Nikakaa kwenye kiti jioni nzima nawahesabu dada za mama yake mmoja mmoja. Nawatafutia kosa marehemu."

Tarmo alitamani mzee amtukane. Tusi angelijibu, angepata wa kugombana naye. "Nipe hadi Jumatatu, baba. Nikishapata namna ya..."

"Mke wako yuko pale nje. Wewe umeshaoga. Toka."

Akatoka kama alivyo. Jua la mwezi wa nane lilimpiga machoni. Riina na mama yake walikuwa wamekaa kwenye ngazi, taulo mapajani, wanangoja zamu. Mzee Ensio akapita nyuma yake, akaingia ziwani. Mama mkwe alimtazama Tarmo mara moja, akakumbuka kuna ndoo ya kujaza, akaondoka nayo.

Riina alikuwa anakitazama kifua chake.

"Jumanne usiende," Tarmo alisema. "Si wewe, ni mimi. Nilikuwa najidunga dawa za misuli. Nilipimwa Lahti mwezi wa tatu, hakuna kitu. Ya daktari wa kazini nilikudanganya."

"Mwezi wa tatu," Riina alisema.

"Ndiyo."

"Huu ni wa nane."

"Ndiyo."

Alisubiri kofi. Alisubiri kilio, matusi, kutupiwa taulo usoni. Alikuwa amejiandaa kwa yote hayo kwa miezi mitano. Riina alichukua simu yake, akapiga kliniki. Jumamosi hakuna mtu, ilipokea mashine.

"Naitwa Riina Kettunen," aliiambia mashine. "Nilikuwa na miadi Jumanne, ya mirija. Siji. Si mimi."

Akakata. "Si mimi," alisema tena, na safari hii hakuwa anamwambia mtu. Mabega yake yalishuka. Akaweka kiganja tumboni, akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu kicheko cha kweli kilichomjaza uso mzima, cha mtu aliyeambiwa arudi nyumbani baada ya kifungo. Tarmo hakuwa amemwona mkewe hivyo tangu walipooana. Akanyoosha mkono amshike.

Riina alimpita. "Mama!" aliita. "Acha ndoo, njoo tuoge!"

Mama yake akaja, wakaingia, mlango ukafungwa. Maji yalilia juu ya mawe, na huko ndani wanawake wawili wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja. Jarkko alikuwa amegeukia soseji zake. Mzee alikuwa ziwani, maji shingoni, ameelekea ng'ambo. Tarmo alisimama kwenye ngazi, uchi, kifua wazi na kichwa wazi, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimtazama.